Kulea lava wa kaa buibui maabara na kuwatambua: kuanzia jike mwenye mayai hadi kaa wa kwanza

Kaa buibui ni kundi kubwa la kaa wa baharini linaloitwa Majoidea. Miguu yao ni mirefu na myembamba, gamba lao limechongoka mbele kama pembetatu, na wengi wao hujipamba kwa mwani, sponji na vipande vya viumbe wengine ili wasionekane. Wapo wadogo wanaokaa kwenye kidole, na yupo Macrocheira kaempferi wa Japani ambaye miguu yake ikinyooshwa hufika mita 3.7 kutoka ncha hadi ncha. Pamoja na tofauti hizo zote, utoto wao unafuata njia moja: zoea (lava mdogo mwenye miiba anayeogelea) wa kwanza, zoea wa pili, megalopa (lava anayeanza kufanana na kaa), kisha kaa wa kwanza. Familia nyingine nyingi za kaa hupitia zoea wanne, watano au zaidi. Kaa buibui hupitia wawili tu.

Ufupi huo ndio unaomfanya kaa buibui afae kwa anayeanza kazi ya lava. Lakini pia unamnyima nafasi ya kuzembea, kwa sababu hatua ni chache na ukipoteza moja umepoteza sehemu kubwa ya maisha yote ya lava.

Kabla ya kushika pipeti, elewa kwa nini tunalea badala ya kuchota tu lava kutoka kwenye planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea baharini. Mwaka 1802 mtaalamu wa wanyama Bosc aliielezea zoea kama jenasi ya mnyama anayejitegemea, na miaka michache baadaye mwenzake Leach akafanya hivyohivyo kwa megalopa. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba viumbe hao ni watoto wa kaa. John Vaughan Thompson, akifanya kazi huko Cork, Ayalandi, katika miaka ya 1820, ndiye aliyeonyesha kwamba kutoka kwenye yai la kaa hutoka zoea. Hadi leo thamani ya lava aliyelelewa maabara ni ileile: anajulikana mama yake. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, kwa chupa isiyo na lebo au jike asiyehifadhiwa, michoro yako yote inakuwa ya mnyama asiye na jina. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kuulinda mnyororo huo.

Hatua ya kwanza: mpate mama na umtambue

Pata kibali cha kukusanya kwanza, kisha tafuta jike aliyebeba mayai chini ya tumbo. Rangi ya mayai inakueleza mengi. Mayai machanga yana kiini kingi na huwa na rangi kali, mara nyingi ya chungwa au nyekundu. Kadiri kiinitete kinavyokula kiini, mayai hufifia na kuwa ya kahawia au kijivu. Nyofoa machache kwa kibano laini uyaweke chini ya hadubini. Ukiona macho meusi, moyo unaodunda na kiini kilichobaki kidogo tu, kuanguliwa ni suala la siku chache. Jike wa namna hii ndiye wa kumchagua, maana kila wiki anayokaa tangini kabla ya kuangua ni wiki ya kupoteza mayai kwa ukungu na kwa vimelea.

Kuna tatizo ambalo wenye kulea kaa wengine hawakutani nalo sana. Jike wa kaa buibui anakuja na bustani nzima mgongoni. Katika mapambo yake kuna haidroidi (wanyama wadogo wanaoota kama mimea), na haidroidi hula zoea. Kuna siliati (viumbe wa seli moja) na minyoo pia. Msugue taratibu kwa brashi laini chini ya maji ya bahari yaliyochujwa, ukiepuka mayai, kisha umweke peke yake kwenye tangi tupu lisilo na mawe wala mwani. Usuguaji huo una faida ya pili: mapambo huficha miiba ya gamba na umbo la pembe za mbele, yaani alama zilezile unazozihitaji ili kumtambua. Mpige picha kabla na baada ya kumsafisha.

Utambuzi wa mama usiuchukulie kuwa kitu cha kuandika haraka kwenye daftari. Kwa muda mrefu kaa wa jenasi ya Maja wa Bahari ya Mediterania na wale wa Atlantiki ya Ulaya waliitwa wote Maja squinado. Sasa wale wa Atlantiki wanatambuliwa kama Maja brachydactyla. Maelezo ya zamani ya lava yenye jina la squinado yanaeleweka tu pale mwandishi alipotaja mama alitoka wapi. Kwa hiyo andika mahali, kina, tarehe na aliyemtambua. Baada ya kuangua, mhifadhi jike huyo kwenye ethanoli pamoja na kipande cha msuli kwa ajili ya DNA, na umpeleke kwenye makusanyo ya makumbusho pamoja na lava wake.

Hatua ya pili: maji

Chuja maji ya bahari hadi mikromita 1, na ikiwezekana yapitishe kwenye taa ya miale ya urujuani. Kwa spishi za bahari kamili weka chumvi kati ya 32 na 35 kwa elfu. Joto lifuate makazi ya mama. Kwa Macrocheira kaempferi, nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi zinafaa. Spishi za miamba ya tropiki zinataka maji ya joto zaidi, na Hyas araneus wa Atlantiki ya Kaskazini anataka baridi. Lenye uzito zaidi ni joto kutobadilika. Muda wa kila hatua hutawaliwa na joto, kwa hiyo ukiandika kwamba zoea wa kwanza alidumu siku kadhaa bila kuandika joto, takwimu hiyo haimsaidii mtu.

Vyombo viwe vya kioo au plastiki laini isiyotoa kemikali, na visiwe vimewahi kubeba formalini. Tenga ndoo, pipeti na bika za lava hai, uziwekee alama, na usizichanganye kamwe na vyombo vya kuhifadhia. Formalini kidogo tu iliyobaki kwenye pipeti inatosha kuua kundi zima.

Hatua ya tatu: usiku wa kuanguliwa

Mayai aghalabu huanguliwa usiku. Jike hutingisha tumbo kwa nguvu, na lava hutawanyika majini. Ukikagua mapema unaweza kukuta prezoea, kiumbe aliyefunikwa na utando mwembamba, miiba yake ikiwa imekunjwa. Hali hii hudumu dakika chache tu, kisha utando huvuliwa na zoea wa kwanza hunyooka. Usimhesabu prezoea kama hatua ya tatu ya zoea. Na ukiwaona wengi wamekwama kwenye hali hiyo kwa saa kadhaa, hiyo ni dalili ya mayai dhaifu au maji mabaya.

Zima hewa, punguza mwanga wa chumba, kisha weka taa ndogo upande mmoja wa tangi. Zoea wenye afya huufuata mwanga na kukusanyika hapo. Chota hao tu. Walio chini wanaotapatapa waache.

Namna ya kuwachota ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tumia pipeti yenye mdomo mpana uliolainishwa kwa moto, na unapowahamisha zamisha mdomo wa pipeti ndani ya maji mapya kabla ya kuwaachia. Ukidondosha tone kutoka juu, zoea hunaswa kwenye uso wa maji, hewa huingia chini ya gamba, na mwiba wake wa mgongoni hushikwa na utando wa maji. Hataweza tena kuzama. Mdomo mwembamba wa pipeti nao huvunja miiba, na mwiba uliovunjika ni balaa kwa utambuzi: kuwapo au kutokuwapo kwa mwiba wa usoni ni mojawapo ya alama zinazotenganisha familia.

Hatua ya nne: chakula, kuanzia siku ya kwanza

Zoea wa kaa buibui ni mwindaji tangu anapoanguliwa. Artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa, wenye urefu wa takriban nusu milimita, huliwa vizuri na spishi nyingi. Zile ndogo zaidi zisaidie siku za mwanzo kwa rotifa (wanyama wadogo sana wa planktoni), Brachionus plicatilis. Angua artemia kila siku kwenye maji yenye nyuzi 28, mwanga na hewa nyingi. Ndani ya saa 24 watakuwa tayari. Zima hewa, acha maganda yaelee juu, vuta artemia kutoka chini, kisha waoshe kwenye maji safi ya bahari ili bakteria wa maji ya kuangulia wasiingie kwenye bika za lava. Kiwango cha artemia 5 hadi 10 kwa mililita kinatosha.

Usicheleweshe mlo wa kwanza. Klaus Anger na wenzake waliofanya kazi Helgoland, Ujerumani, walichunguza njaa kwa lava wa Hyas araneus na wa kaa wengine, na walichoonyesha kila mlezi anapaswa kukijua. Kuna kiwango cha njaa ambacho lava akishakivuka, hata umpe chakula kingi namna gani baadaye, hatapona. Na kuna upande wa pili: lava aliyekula vya kutosha katika sehemu ya mwanzo ya hatua yake huwa amejiwekea akiba ya kumfikisha kwenye kujivua gamba hata chakula kikikatika. Siku za mwanzo za kila hatua ndizo zinazoamua. Lava anayeogelea vizuri jioni ya siku ya pili bila kula anaweza kuwa tayari amepotea.

Hatua ya tano: lea kwa mikondo miwili

Mkondo wa kwanza ni wa kundi. Weka lava wapatao 10 kwa kila mililita 100 kwenye bika kubwa. Hao ndio watakaokupa vielelezo vya kuhifadhi. Mkondo wa pili ni wa mmojammoja: kila lava kwenye kikombe chake chenye namba. Hao ndio watakaokupa muda wa kila hatua, na pia magamba yaliyovuliwa.

Wanaoanza huwa wanaona mkondo wa pili ni usumbufu usio na faida. Mimi nauona ndio moyo wa kazi. Kwenye bika la kundi unaweza kukuta zoea wa kwanza na wa pili wakiogelea pamoja na usijue nani alitoka wapi. Kwenye kikombe chenye lava mmoja, gamba tupu lililo chini pamoja na mnyama mpya aliye juu ni ushahidi usiopingika kwamba huyu ametokana na yule. Hifadhi magamba hayo. Ni mepesi kusoma kwa sababu hayana misuli inayoficha nywele za viungo.

Kila asubuhi fanya mzunguko uleule: hamishia lava kwenye maji mapya ya joto lilelile, toa wafu, hesabu, tafuta magamba, weka chakula kipya, andika. Lava anayekufa hugeuka mweupe kama maziwa na kuzama. Bika lenye wafu wengi ghafla litenge na vifaa vyake. Sipendelei kutumia dawa za kuua bakteria kwa lava wanaokusudiwa kuelezwa kisayansi. Maji safi na chakula kilichooshwa hufanya kazi hiyo, na huleta wanyama ambao maumbo yao unaweza kuyaamini.

Megalopa akitokea, mambo hubadilika. Sasa ana magando, anashika, na anakula wenzake. Watenganishe, au wape vipande vya wavu na mwani uliooshwa vizuri wa kung'ang'ania. Wengi hutumia muda mwingi wametulia badala ya kuogelea, na hilo lisikutie hofu. Hatua hii kwa kawaida ni ndefu kuliko zoea. Kwa Macrocheira kaempferi, zoea huchukua takriban siku 7 hadi 18, na megalopa siku 25 hadi 45, kutegemea joto.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Kabla hujahifadhi, andika rangi ya lava hai na mahali zilipo seli za rangi, yaani kromatofori: chini ya macho, kwenye taya, kwenye kila pingili ya tumbo. Rangi hizo hufutika ndani ya kihifadhi, na wakati mwingine ndizo zinazotenganisha spishi mbili za karibu zikiwa hai.

Chagua angalau lava kumi kwa kila hatua, walio katikati ya hatua. Aliyetoka kujivua ni laini na hupinda. Anayekaribia kujivua ana nywele za hatua ijayo zinazoonekana ndani ya gamba la zamani, na hizo zimepotosha hesabu za wengi. Wapooze kwa baridi, kisha uwaweke kwenye formalini ya 4% iliyosawazishwa kwa boraksi, na baada ya siku moja uwahamishie kwenye ethanoli ya 70%. Fanya hivyo mahali penye hewa, ukiwa na glavu, maana formalini husababisha saratani. Wengine waweke moja kwa moja kwenye ethanoli ya 95% kwa ajili ya DNA, kwa sababu formalini huiharibu. Lebo iandikwe kwa penseli na iwe ndani ya chupa: namba ya mama, hatua, tarehe, joto, chumvi.

Hatua ya saba: kumsoma zoea

Hapa usiende haraka. Weka lava kwenye tone la glisirini au asidi ya laktiki, na kwa sindano mbili za tungsteni zilizochongwa nyembamba anza nyuma: tenga tumbo, kisha maksilipedi (viungo ambavyo zoea huogelea navyo), kisha maksila na maksilula (viungo vya kinywa), ukimalizia na papasi. Kila kiungo kifunike kwa kioo chembamba. Hadubini ya kawaida ya kupasulia itakuonyesha umbo la jumla tu. Nywele zihesabu chini ya hadubini yenye nguvu, pande zote mbili za mwili, kwa wanyama kadhaa.

Kwanza hakikisha hatua. Zoea wa kwanza ana macho yasiyo na vikonyo wala kuzunguka, nywele nne za kuogelea kwenye tawi la nje la maksilipedi ya kwanza na ya pili, na tumbo lenye pingili tano pamoja na telsoni, yaani bamba la mwisho la mkia. Zoea wa pili macho yake yana vikonyo na yanazunguka, nywele za kuogelea ni sita, pingili ya sita imejitenga na telsoni, na machipukizi ya pleopodi (miguu ya tumbo) kwenye pingili ya pili hadi ya tano yamerefuka waziwazi. Kwenye maksilula yake huongezeka unywele wa nje ambao wa kwanza hakuwa nao. Ukidhani umemwona zoea wa tatu, rudi nyuma. Ama lava wa spishi nyingine ameingia kwenye maji yako, ama mmoja wa wale wawili umemsoma vibaya.

Kisha hakikisha kundi. Kwenye maksila kuna bamba la kupepea maji, skafognathiti. Zoea wa kwanza wa kaa buibui ana nywele 9 au zaidi pembezoni mwa bamba hilo, wakati kaa wengine wengi katika hatua hiyo wana nne tu pamoja na ncha ya nyuma. Hiyo, pamoja na machipukizi ya viungo yanayojitokeza mapema, inatokana na ufupi wa safari yao: wanaanguliwa wakiwa wamekwishaendelea. Telsoni yenye pacha mbili, yaani matawi mawili, hubaki na jozi tatu za nywele katika ukingo wa ndani kwa zoea wote wawili.

Kuna alama nyingine ninayoithamini hasa kwa sababu haitofautiani. Tawi la ndani la maksilipedi ya kwanza lina pingili tano zenye nywele 3, 2, 1, 2, 5. Mpangilio huo haukusaidii kutenganisha spishi, lakini unakupima wewe. Ukihesabu tofauti, ama kiungo kimevunjika, ama lenzi haijakaa sawa, ama umechoka. Soma kiungo hicho kwanza kila unapokaa mezani.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye alama zinazotenganisha. Miiba ya gamba hugawa vizuri. Oregoniidae kama Hyas na Chionoecetes wana mwiba mrefu wa mgongoni, wa usoni, na wa ubavuni pia. Inachidae kama Inachus na Macropodia wana wa mgongoni lakini hawana wa usoni. Mbali na familia hizo mbili, wapo wengi wenye wa mgongoni na wa usoni bila wa ubavuni. Kwenye papasi, linganisha urefu wa tawi la nje na ule wa mwiba wa shina. Kwenye maksila na maksilipedi ya pili, hesabu nywele za tawi la ndani, pingili kwa pingili. Kwenye tumbo, angalia ni pingili zipi zenye vinundu vya ubavuni na urefu wa miiba ya nyuma kwenye pingili ya tatu hadi ya tano. Kwenye telsoni, angalia kama pacha zake zina miiba ya ziada, mingapi, na ipo upande gani.

Alama moja peke yake isikutoshe. Lava wa maabara hupata kasoro: mwiba uliopinda, unywele uliokosekana upande mmoja, ukubwa pungufu kuliko wa baharini. Ndiyo maana vielelezo vinakuwa kumi na si kimoja. Andika kiwango cha tofauti ulizoziona, usiandike wastani tu.

Megalopa na kaa wa kwanza

Kwa megalopa, viungo vya kinywa si pa kuanzia. Anza na gamba: umbo la pembe ya mbele, imeelekea mbele au chini, na miiba iliyo mgongoni na juu ya moyo. Kisha papasi na idadi ya pingili zake, miiba kwenye shina la miguu, na nywele za kila pleopodi na za uropodi (viungo vya mwisho wa tumbo) pale zinapokuwapo. Pleopodi sasa ndizo zinazomwogeleza. Maksilipedi zimekuwa viungo vya kula.

Kaa wa kwanza mlee hata kama hukupanga kumwelezea. Tafuta kwenye gamba lake nywele zenye ndoano, zile ambazo kaa buibui hutundikia mapambo. Mpe nyuzi ndogo za mwani na umtazame. Kila hatua ya ukuaji anayoongeza humsogeza karibu na umbo la mama, na ukimfikisha pale alama za watu wazima zinapoonekana, utambuzi wa mama umethibitishwa kutoka upande wa pili.

Kuandika na kulinganisha

Mwaka 1998 Clark, Calazans na Pohle walitoa kanuni za kuelezea lava wa kaa, na ni vizuri kuzifuata: viungo vielezwe kwa mpangilio mmoja, nywele zihesabiwe kuanzia karibu na mwili kuelekea ncha, na vipimo vifanywe kutoka alama zilezile. Maelezo mengi ya zamani hayawezi kulinganishwa kwa sababu mwandishi aliruka kiungo au alichora bila kuhesabu. Unapokuta tofauti kati ya lava wako na maelezo ya zamani ya spishi ileile, usikimbilie kusema ni spishi mpya. Omba vielelezo vya zamani kutoka makumbusho uvisome mwenyewe kwa hadubini yako.

Ukishakuwa na lava wenye mama anayejulikana, ndipo urudi kwenye planktoni. Chukua zoea wa baharini anayefanana na wako, piga picha ya mwili mzima, tenga upande mmoja wa viungo kwa kusoma, na mwili uliobaki peleka kwenye DNA, kwa jeni ya COI au 16S, zinazotumika kutambua spishi, ulinganishe na msuli wa mama uliouhifadhi. Maumbo na jeni vikikubaliana, andika jina. Visipokubaliana, andika familia au jenasi tu na uweke namba ya kielelezo, ili atakayekuja na jike mwingine aweze kukifungua na kuendelea.